Neno Nililoona Haya Kuuliza

Vidole vya mkono wa kulia wa mama yangu vilivunjwa kwa kitako cha bunduki, Jumamosi asubuhi, ndani ya kijito kinachopita nyuma ya mtaa wetu wa Kabondo, na karatasi iliyoruhusu jambo hilo niliijaza mimi. Niliijaza kwa mwandiko mzuri. Ninaanza na hilo ili asiwepo wa kunisoma huku akinihurumia, kwa kuwa watu wa mji wetu wana tabia ya kumhurumia kila aliyefanya kazi ya serikali miaka ile, wakisema sote tulikuwa tunaogopa. Kuogopa niliogopa. Ila siku niliyojaza karatasi ile sikuwa na hofu hata kidogo, nilikuwa na majivuno.

Ilikuwa miaka ya Chama kimoja. Tulikuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, tai zilikwisha kupigwa marufuku, na kila mwenye kazi ya kalamu alivaa abakosti, lile koti lililofungwa mpaka kooni, hata jua liwe kali namna gani. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya zoni, maana ndivyo tulivyoziita sehemu kubwa za mji wa Kisangani wakati huo. Meza yangu ilikuwa dirishani, na chini yake, ghorofa ya chini, kulikuwa na kasho, chumba cha kufungia watu, chenye tundu moja tu la ukubwa wa tofali. Majandarma, askari wa zoni, waliwapigia watu humo asubuhi, kabla joto halijapanda, kwa sababu mchana walichoka. Basi nilijifunza kuandika huku mtu akilia chini ya miguu yangu. Mwezi wa kwanza niliharibu karatasi nyingi. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa namkasirikia yule anayelia kwa kunikoseshea mistari.

Sisi wa juu nasi tulipigwa. Komiseri wa zoni, mkubwa wetu, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na fimbo yake ya ngozi ya kiboko ilikaa mezani kando ya mihuri. Tarishi alipigwa teke kwa kuchelewesha chai. Karani aliyenitangulia aliomba siku moja aazimwe kamusi ya Kifaransa, iliyokuwa moja tu na kufungiwa kabatini kwa komiseri, ili atazame neno lililomshinda katika barua. Komiseri alimwuliza alisomea wapi. Kabla hajamaliza kujibu, kamusi yenyewe ilimfika usoni, na kona ya jalada ikampasua juu ya jicho. Alipopona alihamishiwa Opala, akaandikishe mitumbwi inayopanda na kushuka mto Lomami. Mimi nikapewa meza yake, na tone la damu lilikuwa bado limekauka kwenye droo.

Somo nililichukua vizuri. Katika ofisi ile mtu angeweza kuwa mvivu, mlevi, hata mwizi, na akadumu. Kutojua neno la Kifaransa ndiko kulikokuwa dhambi.

Sasa ile karatasi. Ilitufikia barua kutoka Kinshasa ikisema kwamba tangu siku hiyo hakuna mkubwa atakayetia saini amri mpya bila kuambatanisha fishi ya kupima madhara yake. Fishi ilikuwa ukurasa mmoja wenye visanduku vinne. Amri hii inatibu ubaya gani. Je, hakuna njia nyingine ya kuutibu. Ni nani wataguswa, nao watapoteza nini. Je, watu hao wameulizwa, na wamejibu nini. Mpaka leo sioni kosa katika maswali hayo. Aliyeyatunga alikuwa mtu mwenye akili zake, na labda alikaa kwenye kiti chake huko mbali akimwaza mwanamke kama mama yangu. Lakini ofisini kwetu fishi ilijazwa kwa neno moja tu, Néant, maana yake hakuna kitu. Tulipokataza mbuzi barabarani tuliandika Néant. Tulipobomoa vibanda vya wauza samaki, mwanamke mmoja akavunjwa mbavu akitetea meza yake, tulikuwa tumeandika Néant siku mbili kabla ya mbavu.

Nililidharau neno lile. Nilikuwa kijana niliyesoma kwa mapadre, nimepata zawadi ya insha mara mbili, na niliona uvivu wa wenzangu ni aibu kwa taifa. Ndiyo, nilikuwa nikisema hivyo, aibu kwa taifa, tena kwa sauti.

Mama yangu alikuja mjini akitokea upande wa Bafwasende, akafiwa na mume mapema, akanilea peke yake Kabondo kwa kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa katika majani na kuchemshwa. Mihogo yetu mingi ni michungu, na uchungu wake ni sumu. Huwezi kuimenya leo ukaila leo. Unaimenya, unailoweka majini siku tatu, siku nne, mpaka ilainike na sumu yake itoke, ndipo unaitwanga. Mama alikuwa na mashimo mawili kijitoni, amechimba kwa jembe lake na kuyazungushia vigingi ili mihogo isisombwe na maji. Wanawake wengine kama ishirini walikuwa na mashimo yao hapohapo. Bila kijito hakuna kwanga, na bila kwanga nyumba yetu ingelala njaa, maana mshahara wa serikali ulikuja ulipotaka wenyewe.

Hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Aliwahi kumvunja jino mwanamume aliyemkuta shimoni kwake akijichotea mihogo, kisha akamsaidia kulitafuta lile jino majini. Mimi aliniita papa kwa kuwa nilirithi jina la baba yake, na hata aliponichapa kwa mwiko aliniita papa.

Basi siku moja komiseri aliniita na kunipa rasimu ya amri mpya. Mkubwa fulani kutoka Kinshasa alitarajiwa kupita barabara yetu baada ya wiki tatu, na kijito kinaikata barabara hiyo kwenye daraja dogo. Ilitakiwa kijito kisafishwe. Maneno ya amri yalitungwa na agronomu wa zoni, bwana kilimo wetu, kijana aliyetoka shuleni karibuni, mwembamba, mwenye miwani, aliyependa kuongea kama kitabu. Amri yenyewe ilikuwa na mstari mmoja uliobeba uzito wote: katika maji yote yapitayo ndani ya zoni, rouissage ni marufuku, na atakayekaidi atashughulikiwa na majandarma. Komiseri alitaka fishi mezani kwake baada ya siku tatu.

Neno rouissage sikulijua. Sikuwahi kuliona wala kulisikia. Nilirudi mezani, nikalitazama asubuhi nzima huku chini kasho likiwa na mtu wake wa siku hiyo, akiomba maji. Kumwuliza agronomu sikuweza, angetangaza ofisi nzima. Kuomba kamusi sikuthubutu, jicho la mwenzangu nililikumbuka. Nikajiambia kwamba mtu aliyepata zawadi ya insha hashindwi na neno. Nilijua rouille, yaani kutu. Nilijua wanaochafua kijito chetu kwa vyuma ni mafundi wa magari pale darajani, wanaoosha injini na kutupa mapipa mabovu majini. Rouille, rouissage. Neno likanifungukia lote kwa mara moja, nikaona raha mwilini. Amri ilikuwa inakataza kutupa vyuma vya kutu majini, na ilikuwa amri nzuri.

Ndipo nikaamua kufanya jambo ambalo hakuna karani wa ofisi yetu aliyewahi kulifanya. Niliamua kwenda kuwauliza watu wenyewe, kama fishi ilivyoagiza.

Komiseri alicheka, lakini alinipa jandarma mmoja wa kunisindikiza. Tulikwenda kwa miguu mpaka darajani. Mafundi walikuwa saba, mikono imejaa oili, wamelala chini ya lori lililotoka barabara ya mashariki likiwa na springi iliyokatika. Niliwasalimia, nikafungua daftari langu. Wa kwanza alichelewa kutoka chini ya lori kwa kuwa alikuwa ameshika kitu kizito kwa miguu. Jandarma alimvuta kwa vifundo, akamsimamisha, akampiga kofi mbili kabla sijamwuliza lolote, halafu akaniambia niendelee. Nami niliendelea. Nilimwuliza fundi yule kama ataona shida serikali ikikataza vyuma vya kutu majini. Sikio lake lilikuwa limegeuka jekundu na alikuwa akilishika.

"Shida haiko, papa," alisema. "Serikali ikisema, siye tunatii."

Wale sita wengine walijibu vivyo hivyo, neno kwa neno, hata kabla sijamaliza kuuliza. Niliandika majibu yote saba. Sikuandika kofi. Niliporudi nilijaza fishi kwa Kifaransa changu bora kabisa, na katika kisanduku cha nne niliweka sentensi niliyoitunga kwa kuionea fahari: wahusika, baada ya kuulizwa mahali pao pa kazi, hawana pingamizi lolote na wameahidi kutii. Kisanduku cha tatu kikawa hakina jibu jingine isipokuwa lile lile nililolidharau. Nikaandika Néant. Nikatia saini chini, jina kamili, na komiseri akagonga muhuri bila kusoma.

Amri ilibandikwa ukutani kwa Kifaransa. Wanawake wa kijitoni hawakuisoma, kwani wengi wao hawakujua kusoma, na hata wangejua, rouissage lingewapita kama lilivyonipita mimi. Mama aliniuliza jioni moja ni karatasi gani mpya ile ofisini. Nilimwambia ni mambo ya vyuma. Akasema afadhali, mafundi wale wamezidi, oili yao inashuka mpaka kwenye mashimo.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya asubuhi, kila mtu na jembe lake au panga lake. Siku hiyo komiseri aliamuru amri mpya itekelezwe. Walikwenda majandarma wanane, vijana wa Chama kama kumi na tano wenye fimbo, agronomu, na mimi wa kuandika ripoti. Nilivaa abakosti iliyopigwa pasi. Sajini alitembea mbele, mtu mrefu aliyekunywa lotoko tangu alfajiri, pombe kali ya mahindi, na pumzi yake iliwaka. Tulifika darajani. Mafundi walisimama wote saba, wametoa kofia. Sajini hakuwatazama. Alishuka kwenye njia ya kushoto, ile iendayo chini kwa wanawake, na wote wakamfuata.

Nilidhani wamekosea njia. Nilikimbia mbele kumwambia sajini kwamba mafundi wako juu. Alinisukuma kwa kiwiko, nikateleza matopeni.

Wanawake walikuwa majini mpaka magotini. Vijana wa Chama waliingia kwa kelele, wakaanza na vigingi, wanaving'oa na kuvitupa. Mihogo myeupe ilitoka mashimoni, ikaanza kusombwa. Mwanamke wa kwanza aliyeinama kuokota alipigwa fimbo ya mgongo, akalala kifudifudi majini, na kijana akamkanyaga shingoni mpaka agronomu mwenyewe akapiga kelele aachwe. Mabeseni yalitobolewa kwa mapanga. Mwingine alishikwa nywele, akaburutwa hadi ukingoni, kitenge kikabaki majini. Nilisimama na daftari langu. Harufu ya mihogo iliyolowa ilikuwa imejaa hewani, na sajini alikuwa akitapika kando, halafu akafuta mdomo, akadai kimya.

Mama yangu alikuwa wa mwisho upande wa chini. Alikuwa amesimama katikati ya shimo lake, ameshika kigingi kwa mikono yote miwili. Aliniona. Uso wake ulifunguka, ninakumbuka, akadhani nimekuja kuwazuia.

Sajini alisema kwamba wanapiga kelele za bure, kwa sababu walikwisha kukubali. Mama akamwuliza nani alikubali. Sajini akatoa nakala ya fishi mfukoni, ikiwa imekunjwa mara nne, akaitazama juu na chini. Hakujua Kifaransa. Akanipa mimi.

"Somea bo," alisema, akiwaonyesha wanawake kwa kidevu. "Bajue balikubali bo benyewe."

Niliisoma. Nilisoma sentensi yangu mwenyewe, kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti iliyotoka yenyewe kwa mazoea ya kazi: wahusika, baada ya kuulizwa mahali pao pa kazi, hawana pingamizi. Wanawake walitazamana. Nilipomaliza, ndipo nilipopata ulimi, nikamwambia sajini kuwa hawa siyo wahusika, kwamba neno lililo katika amri lina maana ya kutu, vyuma vya kutu, na kwamba nililichunguza mimi mwenyewe.

Agronomu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, alikuwa amepigwa na butwaa na hiyo ndiyo njia yake ya kupumua.

"Mais non, citoyen," alisema. "Rouissage, iko kuloweka mihogo mu mayi. Kwani fishi haukuandika weye?"

Nitasema lile ninalolionea haya kuliko yote. Mama yangu alikuwa hatua sita kutoka kwangu, jandarma anamwendea, na kitu cha kwanza kilichonichoma moyoni ni kwamba sikujua neno, na kwamba watu wamesikia kuwa sikujua. Damu ilinipanda usoni kwa ajili ya neno. Nilikuwa bado nataka kubishana kuhusu neno wakati jandarma alipomwambia mama aachie kigingi.

Hakuachia. Alimwambia jandarma kwamba muhogo huu bila maji ni sumu, na kwamba wakifanya hivi watakuwa wameua watu mjini. Jandarma alimpiga kitako cha bunduki tumboni. Alikunja mgongo lakini mikono ilibaki pale. Kwa mkono wa kushoto aliokota muhogo mzito uliolowa, akampiga nao jandarma usoni, ukapasukia puani kwake, na vijana wa Chama wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Jandarma aligeuza bunduki, akaishika kwa mtutu kama mchi, akapiga pale mkono wa kulia uliposhika kigingi. Akapiga mara tatu. Nilisikia mara ya pili, sauti kavu, tofauti na ya kwanza. Mama hakulia. Alisema, "Papa," mara moja tu, na sikujua kama ananiita mimi au baba yake marehemu.

Sikumwendea jandarma, alikuwa na bunduki. Nilimwendea agronomu. Nilimpiga ngumi ya mdomo, miwani ikaruka, nikampiga tena alipokuwa akiitafuta chini, nikampanda mgongoni na kumzamisha uso kwenye maji meupe ya mihogo. Nilikuwa nikimwambia aseme neno lile tena. Alikuwa mtu dhaifu asiyejua kupigana, na ndiyo maana nilimchagua. Nilijua hivyo hata wakati nampiga.

Walinipeleka kasho. Siku ya kwanza nilichapwa viboko kwa fimbo ya komiseri, ile ile niliyokuwa naisogeza kando kila nilipopeleka barua za kutiwa saini. Mwenyewe ndiye aliyeshuka kunichapa. Aliniambia kwa sauti yake ya chini kwamba kosa langu halikuwa kumpiga agronomu, vijana hupigana. Kosa langu lilikuwa kusema mbele ya watu kwamba fishi ya zoni haina ukweli. Nilimwomba aifute, nikamwambia kisanduku cha nne ni uongo, wanawake hawakuulizwa. Alisema fishi imekwisha kwenda Kinshasa na Kinshasa imeifurahia, ndiyo ya kwanza kutoka mkoa wetu iliyojibiwa kikamilifu. Alisema wataiga mfano. Kisha akampa jandarma fimbo, naye akaendelea pale komiseri alipoishia.

Nilikaa humo siku nne. Juu yangu nilisikia mashine ya kuandika, kuna mtu mezani kwangu. Mgongo ulikuwa umeshikana na shati, na nilipolia, mashine ilinyamaza kidogo, halafu ikaendelea kwa nguvu zaidi.

Walinifukuza kazi na kunitoa siku ya tano, mchana. Nilitembea mpaka nyumbani huku watu wa Kabondo wakinipisha. Mama alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, mkono wa kulia umefungwa vipande vya mwanzi na kitambaa, umevimba mpaka kwenye kiwiko. Mganga wa mifupa alikuwa amekwisha kuunyoosha bila dawa ya maumivu, na jirani walinisimulia kwamba aling'ata mshipi wa ngozi mpaka ukakatika. Kidole kimoja tu ndicho kilichokuja kukunjika tena baadaye. Wanawake watatu wa kijitoni walikuwa naye, mmoja na jeraha la fimbo shingoni, nao walinikazia macho nilipofika.

Mama aliwaambia wasinitazame hivyo. Aliwaambia kwa ukali kwamba mtoto wake alidanganywa, kwamba wakubwa walimpa karatasi iliyoandikwa tayari na kumlazimisha aisome, na kwamba aliposema ukweli walimfunga, na ushahidi ni mgongo wake. Alikuwa amenitengenezea habari nzima siku zile nne, akaitetea mbele ya watu, na alikuwa anaisema sasa bila kuyumba. Wale wanawake walitikisa vichwa. Ningeweza kuketi na kuiacha habari ile ikae kama ilivyo. Ilikuwa nzuri, na wote walikuwa tayari kuiamini.

Nilisubiri waondoke. Kisha nikamwambia kwamba karatasi niliandika mimi, yote, na saini ni yangu. Nikamweleza neno la Kifaransa na kutu. Nikamweleza mafundi saba.

Alisimama, akanipiga kofi kwa mkono wa kushoto. Hakuwa amezoea kupigia mkono huo, na kofi lilinipata shingoni badala ya shavuni. Akapiga tena, likafika. Sikujikinga. La tatu lilimponza mwenyewe, maana mwili ulitikisika na mkono uliovunjika ukagusa ukuta, akakaa chini huku akitweta, macho yametoka machozi ya maumivu. Nilitaka kumshika, akasema nisimguse bado.

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Aliponiuliza, aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

"Ile siku ulienda kuuliza bamekanisien ba pale darajani, ulipita wapi?"

Nilimwambia nilipita njia yetu, ile ya juu ya kijito.

"Donc ulipita juu yetu."

Nilisema ndiyo.

"Siye tulikuwa mu mayi. Ulitusikia?"

Hapo ningeweza kusema kwamba jandarma alikuwa na haraka, na alikuwa nayo kweli. Lakini niliwasikia. Walikuwa wakicheka chini ya majani, na sauti yake ilikuwa juu ya zote, anamsimulia mtu habari ya lile jino. Nilikuwa na daftari la kuuliza watu kwapani. Niliwaza kwamba nikishuka, atanishika kwa mikono yake yenye maji ya mihogo mbele ya jandarma, na koti litanuka ofisini siku nzima. Niliongeza mwendo.

"Nilisikia, mama," nilisema.

Baadaye kidogo alininyooshea ule mkono ili nimlegeze kitambaa, kwa sababu kilikuwa kinambana na peke yake hakuweza.